Lugha ya Kiganjani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika shuleni saa moja kasoro robo asubuhi, viatu vipya vinanibana, barua ya kupangiwa kituo nimeiweka katikati ya daftari ili isikunjike. Ilikuwa shule moja ya msingi pale Bariadi mjini, enzi ambazo Bariadi bado iko chini ya Mkoa wa Shinyanga na Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Mwalimu Mkuu aliisoma barua akiwa amesimama. Alipofika kwenye maneno "elimu maalumu, fani ya uziwi" aliyarudia kwa sauti, kisha akanipeleka mwenyewe hadi chumba cha mwisho, jirani na jiko la shule.

"Mwalimu Nyanzala, wewe una bahati," aliniambia njiani. "Wenzako wana watoto tisini darasani. Wewe unao kumi na mmoja, na hawa hawapigi kelele. Utapumzika."

Akafungua mlango. Mtoto mmoja alikuwa anaburuta dawati kwenye sakafu ya saruji, mwingine anapiga mfuniko wa sufuria aliouegemeza kifuani ili ausikie mtetemo, wawili wanacheka kwa sauti ambayo hawakujua kuwa wanayo. Mwalimu Mkuu aliziba masikio, akanitazama, akacheka na yeye. Tangu siku hiyo hakuniambia tena habari za kupumzika.

Chumba kile kiliitwa kitengo. Kwa vijana wasioijua mipango ya siku hizo, kitengo ni darasa la watoto wenye ulemavu lililowekwa ndani ya shule ya kawaida, na kwa kuwa makwao ni mbali, kinakuwa na bweni lake. Watoto wengi waliletwa wakiwa na miaka minane, tisa, hata kumi na mbili, na walikuja bila lugha. Nisieleweke vibaya. Akili walikuwa nazo. Walikuwa na alama za nyumbani, yaani zile ishara chache ambazo mtoto asiyesikia na mama yake wanazitunga wenyewe: kupapasa tumbo ni chakula, mikono miwili juu ya kichwa ni ng'ombe, kidole kinachoelekea kisimani ni amri. Kwa alama kumi au ishirini mtoto anaweza kuchunga na kuchota maji. Hawezi kuuliza kwa nini kaka yake hakurudi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumpa kila mmoja jina. Katika lugha ya alama jina halitamkwi. Linachukuliwa kutoka kwenye kitu alicho nacho mtu: kovu, mwendo wake, namna anavyocheka. Mimi walinipa jina langu kabla ya saa nne ya siku ile ile, kidole kwenye meno ya mbele, kwa ajili ya mwanya wangu. Nimekuwa nikiitwa hivyo maisha yangu yote ya kazi, na wapo watu wazima huko Bariadi wasiojua kama naitwa Nyanzala.

Vifaa vilikuwa vichache. Tulikuwa na shimesikio nne, vile vidude vya kuvaa sikioni vinavyokuza sauti. Vilimsaidia mtoto mmoja tu, aliyekuwa na usikivu kidogo. Betri zikiisha zilichukua miezi kufika, na wasichana wakavigeuza herini. Ubao, chaki, kioo kimoja kikubwa cha kujifunzia midomo, na mikono yetu. Hivyo ndivyo nilivyofundisha.

Katika mwaka wangu wa tatu baba mmoja kutoka Ngulyati alimleta binti yake kwa baiskeli. Baba aliitwa Maduhu, mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wachache. Binti aliitwa Minza, ana miaka kama tisa, hakusikia tangu kuzaliwa. Alishuka kwenye keria ya baiskeli, akavitazama vidole vya watoto vilivyokuwa vinarushiana maneno uwanjani, akasahau kumuaga baba yake.

Nimefundisha watoto wengi. Sijapata mwingine aliyeipokea lugha namna ile. Baada ya mihula miwili alikuwa anasimulia. Baada ya mwaka alikuwa anawasimulia wadogo mambo niliyomfundisha asubuhi, na wakimwelewa yeye zaidi kuliko mimi. Alikuwa na alama ya kila ng'ombe wa baba yake, na alipowaeleza ungemwona kila mnyama na tabia yake. Nilijivunia mtoto yule kana kwamba ni mimi niliyemzaa, na nadhani majivuno yale ndiyo yaliyonifanya nimkasirikie alipobadilika.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu hivi. Alianza kukanyaga vikombe vya wenzake vya uji. Rafiki zake wakimwashiria kutoka pembeni, hajibu. Jioni, wakati wa kwenda bwenini, alitembea mkono mmoja umegusa ukuta, na wenzake wakamwiga kwa kumcheka. Darasani nikiwa nafundisha huku natembea, kama nilivyozoea, alinipoteza na kubaki ametazama pale nilipokuwa mwanzo. Niliona ni kiburi. Nilimwashiria kwa ukali, nikamsimamisha mbele ya darasa kipindi kizima, zaidi ya mara moja. Hakujitetea.

Mwalimu Mkuu wa kwanza alikuwa ameshahamishwa. Aliyemfuata alikuwa mtu wa taratibu, na aliniita ofisini.

"Huyu binti wa Ngulyati anaharibika," alisema. "Anagonga wenzake, ubaoni hatazami. Kuna watoto wanasubiri nafasi. Unaonaje tukimrudisha kwao?"

Nilimwambia anipe hadi mwisho wa muhula. Sikumwambia kwamba amekosea, kwa sababu nami nilikuwa karibu kukubaliana naye. Nataka hilo lijulikane, maana wakati wa kuniaga nilipostaafu walisema mengi mazuri juu yangu.

Siku tatu baadaye, saa nne asubuhi, tulikuwa tunagawa uji. Nilimpa Minza kikombe kutoka upande wake wa kulia. Hakukipokea. Nilikishika pale, moto unaniunguza vidole, hasira inapanda, na yeye anatazama mbele kwa utulivu kabisa, anasubiri zamu yake. Nikakisogeza kidogo kidogo kuelekea mbele ya uso wake. Kilipofika karibu na pua alishtuka, akatabasamu, akakipokea kwa mikono miwili.

Niliweka birika chini. Nikasimama mbele yake, nikamwambia atazame mwanya wangu tu, kisha nikanyoosha mikono pande zote mbili na kuchezesha vidole. Aniambie akiviona. Nilivileta taratibu hadi vikawa karibu kugusa mashavu yangu ndipo alipoitikia kwa kichwa. Watoto walidhani ni mchezo, wakajipanga foleni wacheze nao. Wote waliviona vidole vyangu mikono ikiwa bado wazi.

Mwezi uliofuata daktari wa macho alikuja kufanya kliniki ya siku chache mjini, nikampeleka. Alimulika macho yake muda mrefu. Alinieleza kwamba wapo watu wanaozaliwa na uziwi, na ndani ya ugonjwa huo huo umejificha wa pili unaokula macho polepole, kuanzia pembeni kuja katikati, na gizani ndiko unakoanzia kuonekana. "Sasa hivi anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba," alisema. "Bomba litazidi kuwa jembamba. Dawa hakuna. Inaweza kuwa miaka mitano, inaweza kuwa kumi na mitano."

Minza alikaa kwenye kiti akitazama midomo yetu. Aliniuliza daktari amesema nini. Nikamwambia amesema tutarudi tena.

Afisa Elimu Maalumu wa Wilaya, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wangu wa fani, alikuwa mtu asiyeona tangu utotoni, surua ilipomchukua macho. Ofisini kwake hapakuwa na karatasi za kawaida. Alikuwa na mashine ya nukta nundu, ile yenye vitufe sita, ambayo kila herufi inatoka kama vijinundu vya kusomwa kwa ncha za vidole. Alikuwa akiandika huku mtu anaongea, na ukikaa kimya mashine nayo inakaa kimya, mpaka unaona aibu. Nilimpa taarifa ya Minza. Mashine ililia, ikanyamaza.

"Umemwambia?" aliuliza.

"Bado, mkuu."

"Muda gani umepita tangu daktari aseme?"

"Wiki sita."

Hakuniinulia sauti, wala sikuwahi kumsikia akimwinulia mtu. "Mwalimu, unamficha binti habari za macho yake mwenyewe. Nani mwingine anazijua?"

"Mimi. Mwalimu Mkuu. Baba yake bado."

"Watu wawili wanaoona." Akatoa karatasi kwenye mashine, akaipapasa kama anayehakiki. "Wewe ukifikiria kutoona unafikiria kufa. Mimi nikifikiria kutoona nafikiria Jumatatu. Nenda kamwambie leo. Kisha mtafute njia ya kuongea naye macho yakiisha, maana hilo ndilo atakalokuuliza."

Nilimwambia siku ile ile mchana, kwenye ngazi za bweni, jua likiwa nyuma yangu ili mikono yangu ionekane vizuri. Nilitumia alama rahisi. Macho yako yanafunga. Polepole. Hayatafunguka. Alinitazama mpaka nilipomaliza.

"Najua," aliniashiria. Kisha akanieleza kwamba kwa mwaka mzima amekuwa akifumba macho akiwa peke yake, anapima hatua kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kisimani. Alidhani akisema atarudishwa nyumbani. Alijua mpaka idadi ya hatua. Akauliza swali lile lile alilolitaja Afisa: "Nisipoona mikono yenu, nitaongea na nani?"

Nilimwomba radhi kwa zile siku nilizomsimamisha mbele ya darasa. Alipunga mkono kama anayefukuza inzi, akarudia swali lake.

Njia ipo, na siku hizi inafundishwa vyuoni. Inaitwa lugha ya alama ya mguso. Anayesema anatoa alama zake hewani kama kawaida, na anayesikiliza anaweka mikono yake juu ya mikono ya msemaji, nyepesi, anazifuata. Mimi sikuwa nimefundishwa. Afisa alimwandikia mwenzake wa mkoa mwingine, ikaja barua ya kurasa mbili yenye maelezo machache, na mengine tuliyatunga wenyewe, mimi na Minza, kila siku baada ya masomo. Tulijifunga vitenge machoni kwa zamu. Yeye aliweza baada ya mwezi. Mimi ilinichukua mwaka, na nilipokosea alicheka mpaka analala chini. Swali, kwa mfano, kiziwi analiuliza kwa uso, kwa kunyanyua nyusi. Uso hauguswi. Ikabidi tutunge alama ya kuuliza, mguso mmoja kwenye kifundo cha mkono mwishoni mwa sentensi. Ilikuwa ni alama yake yeye. Baadaye niliikuta imeenea kwa watu wengine niliowafundisha, na hakuna anayejua ilikotoka.

Nilipaswa kwenda Ngulyati kumweleza baba yake mapema. Nilichelewa, akaelezwa na wengine. Likizo ya mwezi wa sita Minza alikwenda nyumbani, na shule ilipofunguliwa hakurudi.

Afisa aliniita akanibadilishia kazi. Kuanzia siku hiyo nikawa mwalimu tembezi, yaani mwalimu asiye na darasa, anayewafuata walemavu wa kusikia na wa kuona huko huko majumbani kwao na katika shule za vijijini. Idara ilikuwa na pikipiki moja. Nilijifunza kuiendesha kwenye uwanja wa mpira nikiwa na miaka thelathini na saba, watoto wa kitengo wamejipanga pembeni wanahesabu mara ninazoanguka. Safari yangu ya kwanza ilikuwa kwa Mzee Maduhu.

Nilimkuta anarekebisha lango la zizi. Tuliamkiana vizuri. "Mwangaluka," akanipa kigoda, nikaletewa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na chai. Aliponiona nimemaliza ndipo aliposema.

"Mwalimu, nilikuletea mtoto asiyesikia, lakini macho yake mazima. Nilikuwa nikimtuma akahesabu ndama, hakosei. Sasa anajikwaa kwenye kizingiti cha mama yake. Mmemfanya nini huko?"

"Hatujamfanya kitu, baba. Ugonjwa huu alizaliwa nao."

"Mimi nilikuwepo alipozaliwa," alisema. "Ugonjwa huo nisingeuona?"

Nilimweleza kama daktari alivyonieleza. Alisikiliza kwa adabu. Aliniambia kwamba amekwenda kwa mfumu, mganga wao wa ukoo, akaambiwa kuna bibi wa zamani aliyesahaulika, wakachinja mbuzi, wakatambika. Sikumbeza. Mtu anatafuta macho ya mwanawe, atabisha kila mlango anaoujua, na mimi mlango wangu ulikuwa umesema dawa hakuna.

"Basi kama hakuna dawa," alisema, "arudi shule kufanya nini? Hapa anajulikana. Atakula."

Niliomba ruhusa ya kuwa nakuja kila Alhamisi kuongea na Minza, akakubali, nadhani kwa kunionea huruma.

Mama yake Minza msimu ule alikuwa shambani tangu alfajiri, kwenye uchumaji wa pamba. Aliyekuwa anashinda nyumbani ni bibi, mama yake Mzee Maduhu. Tulimwita Mayu. Alikuwa kipofu miaka mingi, kwa vikope, ule ugonjwa ambao kope zinageukia ndani na kukwaruza mboni mpaka inaharibika. Alikaa kwenye kigoda kando ya kihenge cha mtama, anavuta ugoro, anasikiliza kila kinachopita. Alhamisi ya tatu tulikaa karibu naye, mimi na Minza, mikono juu ya mikono. Mayu akasikia nguo zetu zinavyochakacha.

"Mnafanya nini hapo?" aliuliza kwa Kisukuma.

"Tunaongea, Mayu."

"Sisikii kitu."

"Tunaongea kwa mikono."

Aligeuza sikio kwetu. Ndipo na mimi, baada ya miaka yote ile ya kazi, nikaona kitu kilichokuwa mbele yangu. Wale wawili walikuwa wameishi boma moja tangu Minza azaliwe na hawajawahi kuambiana neno. Mjukuu hasikii anachosema bibi. Bibi haoni anachoashiria mjukuu.

"Mayu," nilisema, "unataka kumuuliza kitu?"

Alitikisa kikopo chake cha ugoro.

"Zipo siku," alisema, "jua likinifikia hapa nilipo, kuna mtu anakuja ananisogeza kivulini pamoja na kigoda changu. Hanisemeshi. Nikimwita kwa majina yote ya humu ndani haitiki. Miaka sasa. Muulize kama ni yeye."

Nilimuuliza Minza kiganjani, nikamaliza kwa mguso wa kifundo. Aligeuka kumtazama bibi yake, akawa anamtafuta kwa lile tundu dogo lililobaki, mpaka akampata.

"Ni mimi," alisema. "Mwambie ni mimi. Muulize nikiwa shule nani alikuwa anamsogeza?"

"Hakuna," Mayu alijibu nilipomfasiria. "Ukiwa shule naungua."

Minza alicheka ile sauti yake kubwa, na bibi yake, aliyekuwa hajui kicheko kile ni cha nani katika nyumba hii, akanyoosha mikono. Niliiweka mikono ya mzee juu ya mikono ya binti, nikatoka katikati. Alama ya kwanza waliyofundishana ilikuwa ya maji. Ya pili, kwa ombi la Mayu, ilikuwa ya ugoro, na hiyo Minza aliitunga pale pale.

Mzee Maduhu alikuwa amesimama langoni. Sijui alisimama kwa muda gani. Alhamisi iliyofuata nilikuta Mayu ameshajua alama kumi na saba, na baba yake Minza hakwenda machungani. Alikaa pembeni akiwasikiliza, au niseme akiwatazama. Mwisho akasogeza kigoda.

"Hiyo ya maji," aliniambia, akinyoosha mikono yake mikubwa ya jembe, "inafanywaje?"

Muhula uliofuata alimrudisha shule mwenyewe. Aliniambia tu kwamba mama yake, yaani Mayu, ameagiza iwe hivyo.

Minza alimaliza darasa la saba. Nilimfundisha kutembea na fimbo nyeupe akiwa bado anaona kidogo, ili mkono uzoee kabla ya macho kuondoka, naye akajifunza nukta nundu kwa Afisa Elimu Maalumu mwenyewe, aliyekuja kitengoni kila Ijumaa na kukaa naye kwenye dawati la mtoto. Baadaye alikwenda kituo cha ufundi, akasomea mashine ya kufumia masweta. Alikuwa na miaka ishirini na kitu nilipokwenda kumtembelea akaniambia mkononi, kama anavyoeleza habari za mvua, "Tangu Jumapili sioni hata taa." Nilitaka kulia. Yeye alitaka kujua kama nimekuja na uzi wa bluu.

Mkoa wetu wa Simiyu ulipoanzishwa nilihamishiwa Wilaya ya Busega, nyumbani kwetu, maana mimi ni mzaliwa wa Mwamanyili. Nilikuwa mkalimani wa lugha ya alama zaidi kuliko mwalimu. Nilikwenda zahanati, mabaraza ya kata, harusi, misiba, kutoka Mwamanyili hadi Kalemela. Nakumbuka muuguzi wa zahanati moja kule ziwani akimpigia kelele mama mjamzito asiyesikia, na kila mama akishindwa kuelewa, muuguzi anaongeza sauti, mpaka wagonjwa wa nje wote wakajua mama yule amebeba mimba ya miezi mingapi. Nilipofika alishukuru sana. "Mwambie apande kitandani," akaniambia. "Mwambie avue viatu. Mwambie asiogope."

Nilimwambia yote. Nilipenda kuitwa. Nilipenda watu waniambie bila wewe tungefanyaje. Afisa Ustawi wa Jamii, mama mmoja mwenye maneno machache tuliyefanya naye kazi miaka minane, alinitazama hivyo kwa muda, siku moja akaniuliza tukiwa njiani, "Mwalimu, ukiugua wewe, hawa wote wanakuwa mabubu?"

Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikaanza kufundisha wauguzi. Alama thelathini kwa kila zahanati: maumivu, wapi, tangu lini, dawa, kesho. Walimu, watendaji wa vijiji, makarani wa ghala la pamba. Na kila aliyeanza na "mwambie" nilimgeuza uso akamtazama mwenye shida. Wengine waliniona mkorofi. Kazi ile ya miaka yangu ya mwisho haikuniletea vyeti, na naiona ndiyo bora niliyoifanya. Wapo pia niliowakosa. Kuna nyumba nilizofika nikaambiwa hapa hakuna mtoto wa namna hiyo, na nikamwona mtoto dirishani. Nyingine sikurudi, pikipiki ilikuwa mbovu au mvua ilikuwa imekata njia, na sasa siwezi kusema kama ilikuwa mvua kweli.

Nilistaafu nikiwa na miaka sitini. Wiki ya mwisho nilikwenda Ngulyati kuaga. Mayu alishafariki. Mzee Maduhu amezeeka, anatembea kwa taabu, lakini mikono yake inaongea na binti yake kwa haraka kuliko yangu. Minza ni mwanamke mzima mwenye chumba chake cha kazi, masweta ya shule tatu yamekunjwa mezani, na mtoto wa dada yake anamtajia rangi. Nilikwenda na mwalimu tembezi mpya, kijana aitwaye Eliasi, ametoka chuoni na alama safi kabisa, safi kuliko zangu.

Kustaafu hatukuwa na alama yake. Nilimweleza Minza kwamba kazi imekwisha, kwamba serikali inamwambia mzee apumzike.

"Nani amesema umechoka?" aliuliza.

"Miaka imesema."

Aliacha mikono yake juu ya yangu. Kisha akauliza kama huyo mwingine aliyeko chumbani ndiye mpya. Alikuwa amesikia mtetemo wa viatu vyake. Nikasema ndiye. "Mlete," akasema, "nimfundishe."

Eliasi alikaa. Akaweka mikono yake chini ya mikono ya Minza kama alivyosoma kitabuni, imekakamaa kama anashika usukani. Minza akaitikisa, akavilegeza vidole kimoja kimoja, akampiga kofi dogo mkononi alipoikaza tena. Akaanza naye upya, kuanzia jina. Kijana jasho lilimtoka. Mara akamwelewa, mara akapotea. Minza alisema sentensi ndefu, kwa ile kasi yake ya zamani, akamalizia kwa mguso mmoja kwenye kifundo, akasubiri.

Eliasi aligeuka akanitazama. "Mwalimu, amesema nini?"

Niliiona yote, neno kwa neno, na jibu lake nililijua. Nikachukua mkoba wangu.

"Muulize mwenyewe," nilimwambia, nikatoka nje.